Mvua Iliyoandikwa Baada ya Mazishi

Saa tatu kamili asubuhi. Ukungu uliopanda kutoka bondeni bado umeikalia migomba, na mibuni iliyo nyuma ya nyumba haionekani. Verdiana Kamala anapiga goti kwenye nyasi zenye umande, anainua faneli ya kipimo cha mvua, anatoa chupa iliyomo ndani na kumimina maji taratibu kwenye silinda ya kioo.

Anaiinua hadi usawa wa macho. Anasoma. Anaandika kwenye daftari: 9.4. Hapo ndipo anapoyamwaga maji.

"Ukimwaga kabla ya kusoma, siku imekufa," anasema bila kugeuza kichwa. "Hata ulie vipi, haifufuki."

Hatua sita kutoka alipopiga goti lipo kaburi la baba yake, Mzee Kamala, aliyekisoma kipimo hiki kabla yake. Wageni wanaofika hapa Ijumbi, wilayani Muleba, humuuliza kwa nini kipimo kiliwekwa karibu na kaburi. Huwasahihisha. Kaburi ndilo lililosogezwa kwenye kipimo. Mzee aliomba mwenyewe.

Verdiana ana miaka 43. Kwa kazi hii ya kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo, hupata posho ya shilingi 45,000 kwa mwezi kutoka kwa wenye kipimo, ofisi iliyokiweka hapa. Mengine anayapata kwenye ndizi na kahawa za kibanja, shamba linaloizunguka nyumba yao. Anaishi na mama yake, Klaudia, mwenye miaka 71, mwanamke ambaye kijiji kizima kilijua kwamba hajui kusoma wala kuandika.

Lakini posho hiyo siyo iliyomleta mwandishi wa makala haya Ijumbi. Kilichomleta ni jambo ambalo Verdiana aliliona kwenye kioo cha kompyuta Jumamosi moja ya Oktoba mwaka jana, mchana kweupe, akiwa amezungukwa na wanafunzi wenzake.

*

Chini ya kijiji kuna kijito kinachokata barabara. Siku za kawaida mtoto anakivuka bila kuvua viatu. Aprili 2018 kilifurika asubuhi moja na kumchukua Ildefons, fundi seremala, aliyekuwa akirudi kutoka kupeleka kitanda cha mteja. Alipatikana siku ya pili, kwenye mafunjo, kilomita tatu chini.

Tangu siku hiyo wanakijiji wamekuwa wakiomba kalavati kubwa. Mwaka juzi alikuja Mhandisi Mujuni, kijana mpole mwenye viatu vizuri kuliko barabara yenyewe, akatembea kwenye kijito, akapima, akauliza swali moja: mvua kubwa kuliko zote iliyowahi kunyesha hapa kwa siku moja ilikuwa milimita ngapi?

Verdiana akaingia ndani, akamtolea sanduku la bati lililojaa daftari za baba yake.

"Alifungua, akafunga," anakumbuka. "Akaniambia, 'Dada Verdiana, hizi ni dhahabu, lakini ofisi yangu haipokei daftari. Inapokea faili la kompyuta. Mtafute mtu akuandikie.'"

Mpiga chapa mmoja wa Bukoba mjini alitaka shilingi 350,000. Verdiana hakuwa nazo. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne, miaka kumi na moja ya kukata minofu ya samaki kiwandani Mwanza, na tangazo alilolisikia kanisani baada ya ibada: mafunzo ya kompyuta kila Jumamosi mchana, Miembeni, huko huko Bukoba mjini, ada nafuu, umri wowote.

"Nikasema moyoni, umri wowote? Ngoja niwajaribu."

*

Darasa lenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la vitenge. Lina kompyuta tisa na wanafunzi kumi na wanne. Mtu pekee aliyemkaribia umri alikuwa mwalimu, Mutembei, mwanamume mrefu anayeongea polepole na kufuta ubao kwa kiganja.

Verdiana alidhani angefundishwa kupiga chapa. Akakuta siku hiyo darasa linaanza kujifunza kuandika programu.

"Nilitaka kutoka," anasema. "Halafu mwalimu akasema maneno ambayo yalinikalisha."

Mutembei anayakumbuka maneno hayo kwa sababu huyasema kila mwaka. "Huwa nawaambia kwamba programu yoyote, hata iwe kubwa kama nyumba ya ghorofa, imejengwa kwa vitu vitatu tu. Mfuatano: fanya hili, kisha hili, kisha lile. Sharti: kama hivi, fanya hivi, la sivyo, fanya vile. Na kitanzi: rudia mpaka nikuambie basi. Hakuna kuruka ovyo kutoka hapa kwenda pale. Unaingia kwa mlango wa mbele, unatokea mlango wa nyuma."

Verdiana akanyoosha mkono. Akasema kazi hiyo anaifanya kila siku.

Darasa likacheka. Hakukaa chini. Akawaeleza: inua faneli, toa chupa, mimina, soma, andika, mwaga, ukivuruga mpangilio, umeharibu. Kama kuna maji, andika milimita. La sivyo, andika sufuri. Kesho saa tatu, rudia.

"Wengine ninawachorea mishale ubaoni mwezi mzima," anasema Mutembei. "Huyu mama alikuwa anaamka na kitanzi na kulala nacho. Alichokosa ni lugha tu ya kuiambia mashine."

Neno lenyewe lilimletea shida nyumbani. Jioni moja alimwambia mama yake kwamba leo amejifunza kitanzi, na bado hajui vizuri namna ya kukikatisha. Klaudia akaweka kisu na ndizi chini.

"Kitanzi cha nini, mwanangu? Umekosa nini hapa nyumbani?"

"Cha kompyuta, Mae. Cha kuhesabia."

"Huko mjini hawana maneno mengine?"

Usiku ule, anasimulia Verdiana, kamba ya mbuzi ilihamishwa kutoka mlangoni. Haikurudi kwa wiki mbili.

*

Mutembei alimwazima kompyuta mpakato kuukuu yenye herufi tatu zilizofutika. Kwa miezi saba, kila alasiri baada ya kazi za kibanja, Verdiana alikaa mezani akihamisha namba kutoka kwenye daftari: tarehe, milimita, tarehe, milimita. Mistari hamsini kwa siku. Safu ya tatu, ya maelezo, ambako baba yake alikuwa akiandika vitu kama "radi" au "mvua ya mawe", hakuigusa. Mhandisi hakuiomba.

"Nilikuwa nafanya kama mtu anayemenya ndizi," anasema. "Mikono inaenda, akili iko kwingine."

Kulikuwa na tatizo moja. Daftari zote hazikuwa na majalada. Ndani, kila ukurasa ulionyesha mwezi na siku, lakini mwaka huandikwa juu ya jalada, na majalada hayakuwapo. Verdiana alidhani ni mchwa. Alichokijua kwa hakika ni mwanzo: baba yake alianza kusoma tarehe mosi Januari 1989, na alijisifu maisha yake yote kwamba hajaruka hata siku moja.

Kwa hiyo akaamua kompyuta ndiyo ihesabu. Akaandika programu yake ya kwanza iliyo na kazi halisi: anzia Januari mosi 1989, kwa kila mstari, songa siku moja mbele, kama siku uliyoihesabu hailingani na iliyoandikwa daftarini, piga kelele neno KOSA, rudia mpaka mistari iishe, mwisho, nionyeshe tarehe ya mwisho.

Baba yake alifariki Jumanne jioni, tarehe 15 Machi 2016. Verdiana alitegemea kuona tarehe hiyo, au ya karibu nayo.

Jumamosi ile mvua ilikuwa inapiga bati la Miembeni kiasi cha kumfanya mwalimu apaze sauti. Verdiana akabonyeza. Kioo kikajaa neno KOSA, ukurasa baada ya ukurasa, na chini kabisa ikatokea tarehe: 18 Novemba 2018.

"Nikacheka," anasema. "Nikajua nimekosea tu."

Mutembei akainama juu ya bega lake, akasoma programu kutoka juu hadi chini kwa kidole. Akaliona kosa: Verdiana alikuwa amesahau mwaka mrefu. Kila Februari aliipa siku 28. Kati ya 1989 na 2018 kulikuwa na Februari saba zenye siku 29, na yeye alikuwa amezipita zote.

"Weka sharti," mwalimu akamwambia. "Kama mwaka ni mrefu, Februari ina ishirini na tisa."

Akaliweka. Akabonyeza tena.

Safari hii neno KOSA halikutokea hata mara moja. Mistari 10,907, siku zote zikalingana na maandishi ya daftari. Na tarehe ya mwisho ikarudi nyuma kwa siku saba: 11 Novemba 2018.

Verdiana hakucheka tena. Tarehe 11 Novemba 2018 ilikuwa Jumapili. Ndiyo siku aliyorudi Ijumbi kutoka Mwanza na begi lake, baada ya kuambiwa mama anaumwa. Kesho yake, Jumatatu, alitoka kwenda kwenye kipimo kwa mara ya kwanza akafungua daftari lake jipya.

"Yaani aliyekuwa anaandika, aliandika mpaka siku moja kabla yangu," anasema, na sauti yake inashuka ingawa ukumbini tumo wawili tu. "Kama mtu anayengoja apokelewe zamu."

Kati ya kifo cha baba yake na tarehe ile kulikuwa na siku 971. Na kwa kila moja ya siku hizo, mvua ilikuwa imesomwa na kuandikwa.

*

Aliporudi kwa binamu yake Violeth, anakolala kila Jumamosi pale Nyanga, Bukoba, hakula. Violeth, muuguzi mstaafu na mwanakwaya wa Kilutheri, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa ushauri wa pande mbili.

"Kwanza angalia vizuri hiyo mashine yako. Pili, kama mashine ni nzima, mwite mchungaji."

Jumapili saa tatu kasoro, Verdiana alikuwa ameshafika Ijumbi kwa gari la kwanza. Alisoma kipimo, mama yake alipoenda ibadani akatoa daftari tatu za mwisho sandukuni, akazitandaza uani mchana ule, karibu na kaburi, kwa sababu ndani ya nyumba aliogopa.

Alitafuta kosa. Hakuna. Alitafuta mwandiko mwingine. Hakuna. Saba ilikuwa na mkato wake katikati, nne ilikuwa wazi juu kama kiti kilichopinduliwa, na kila baada ya namba kulikuwa na nukta ndogo iliyokandamizwa. Mwandiko wa baba yake. Aliufahamu tangu akiwa darasa la kwanza, aliposhikwa mkono akafundishwa kuuiga akashindwa.

Ndipo kwa mara ya kwanza akasoma safu ya tatu.

Kwenye mstari wa tarehe 11 Septemba, katika daftari ambalo programu ilisema ni la mwaka 2016, kulikuwa na maneno: "Jana ardhi ilitetemeka. Chombo kizima."

Hakuna mtu wa Kagera asiyejua jana ile. Tetemeko lilipiga Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, alasiri. Kufikia siku hiyo Mzee Kamala alikuwa na karibu miezi sita kaburini.

"Nilitazama kaburi," anasema Verdiana. "Nilitazama daftari. Nikatazama tena kaburi. Nikasema, 'Taata, ni wewe?' Kwa sauti kabisa. Migomba ilikuwa kimya, hakuna upepo. Nashukuru hakunijibu."

Alizirudisha daftari sandukuni kabla mama hajarudi. Mchana mzima hawakuongea ila juu ya chumvi.

*

Usiku ule hakupata usingizi. Kulipopambazuka, kwenye saa kumi na mbili na nusu, alichoka kugeuka kitandani, akatoka nje.

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuona jiko. Aliona nyasi kwanza: umande ulikuwa umekanyagwa, mstari mwembamba wa nyayo kutoka mlango wa nyuma hadi upande wa kipimo. Akaufuata kwa sababu, anasema, miguu haikumuuliza.

Pale kwenye kipimo alikuwa amesimama baba yake.

Alikuwa amevaa koti lake la kijivu lenye kiraka begani, lile alilolivaa kila asubuhi ya baridi. Mgongo umeinama kidogo. Mkono wa kulia umeinua chupa ya kipimo hadi usawa wa macho.

"Sikupiga kelele. Nilishika mgomba, na mgomba ukalia."

Mwenye koti akageuka.

"Verdiana? Mbona umeamka mapema hivyo?" Alikuwa Klaudia, mama yake. Akairudisha chupa mahali pake bila kumwaga hata tone, akafunika faneli. "Kuna tisa. Labda tisa na nusu. Utaona mwenyewe saa tatu."

Walikaa kwenye ngazi ya nyuma mpaka jua likatoka. Klaudia alizungumza Kihaya, Verdiana akasikiliza, na kile alichosikia ndicho alichotusimulia mbele ya mama yake, ambaye alitikisa kichwa kukubali na mara mbili akamsahihisha.

Macho ya Mzee Kamala yalianza kufifia mwaka 2005. Kufikia 2007 hakuona mistari ya silinda. Alijua wenye kipimo wakisikia, watakihamishia kwa mtu mwingine. Alimwomba mkewe awe macho yake.

"Mimi sikujua hata moja inafananaje," anasema Klaudia, sasa kwa Kiswahili, akimtazama mwandishi. "Alinishika mkono. Mkono wake juu, wangu chini, kalamu katikati. Tuliandika hivyo miaka miwili. Siku alipouondoa mkono wake, wangu ukawa umeshajua njia yake. Sijui mwandiko mwingine, waitu. Huo ndio ninao."

Baadaye walifanya hivyo hivyo kwa maneno machache: radi, mawe, upepo. Kwingine kote, benki, zahanati, kwenye daftari la wapiga kura, Klaudia aliendelea kuweka dole gumba, ili mtu yeyote asije akauliza.

Na baada ya mazishi? Kwa nini aliendelea, wakati hakuna aliyemlipa wala kumjua?

Klaudia anashangazwa na swali. "Aliniambia mvua ya jana haipimwi leo. Sasa ningefanyaje? Mvua ilikuwa inanyesha."

Majalada aliyang'oa yeye. Aliogopa siku moja mtu atasoma mwaka, ahesabu, na kusema mume wake alikuwa mwongo. Hakuna mchwa aliyehusika. Na tangu binti yake ashike kazi, kila alfajiri huvaa koti la marehemu na kwenda kuangalia chupa, bila kumwaga, kisha hurudi kitandani.

"Namwamkia," anasema.

*

Hadithi ingeweza kuishia kwenye ngazi ile, kama si kalavati.

Verdiana alipoiagiza programu itafute mvua kubwa kuliko zote, ilimpa mbili. Mpaka siku aliyokufa baba yake, kubwa ilikuwa milimita 84.6, ya Desemba 1997. Katika daftari zote, ilikuwa milimita 118.2, tarehe 23 Aprili 2018. Asubuhi iliyomchukua Ildefons.

Tofauti kati ya namba hizo mbili ni tofauti kati ya kalavati la mabomba mawili na la mabomba matatu.

Alimpelekea Mhandisi Mujuni faili, na pamoja nalo ukweli wote. Mwalimu Mutembei alikuwa amemshauri vingine. "Nilimwambia kwamba kwa sharti moja tu anaweza kukata kila kitu baada ya Machi 2016," anasema mwalimu. "Mstari mmoja. Faili linakuwa safi na hakuna atakayeuliza. Alinitazama kama nimemwambia afukue mtu."

Mujuni alisoma, akavua miwani.

"Dada, nakuheshimu. Lakini siwezi kwenda mbele ya wakubwa zangu na kuweka bomba kwa maneno ya marehemu. Wakijua hizi siku mia tisa ziliandikwa kwa jina la mtu aliyezikwa, watatupa na zile nyingine elfu tisa."

"Basi njoo umwone aliyeandika," Verdiana akamjibu.

Mhandisi alikuja Jumatano. Klaudia alivaa kitenge cha kanisani na juu yake lile koti. Saa tatu, mbele ya mhandisi, mwenyekiti wa kijiji na majirani wasiopungua ishirini, alipiga goti, akainua faneli, akamimina, akasoma, akaandika. Mujuni alisoma silinda baada yake. Namba zilikuwa moja. Kisha Mujuni akamtajia namba nyingine kumi, Klaudia akaziandika, na karatasi ikawekwa kando ya ukurasa wa mwaka 2018.

Majirani walinyoosha shingo kuona. Bibi mmoja alijifunika khanga usoni. Ilikuwa, anasema mwenyekiti, kama kumwona Kamala akiandika kwa mkono wa mwanamke.

Mujuni bado alitaka ushahidi wa pili. Aliomba takwimu za kituo kingine cha mvua cha jirani kwa kipindi kile kile, na Verdiana akaandika programu ya pili: chukua siku, tazama huku, tazama kule; kama kote kulinyesha au kote hakukunyesha, hesabu moja; la sivyo, weka pembeni; rudia. Kati ya siku 971, siku 902 zililingana. Mhandisi anasema vituo viwili vinavyotenganishwa na kilima kimoja haviwezi kulingana zaidi ya hapo.

Namba 118.2 ikapita. Mchoro uliopelekwa mkoani Februari una mabomba matatu, na mkandarasi ameshaweka vigingi vyekundu kando ya kijito. Kazi imepangwa kuanza Julai, maji yatakapopungua.

*

Liko jambo moja ambalo Verdiana alisita kulisema, na akalisema mama yake alipokwenda kuchochea moto.

Alipomwonyesha Klaudia orodha ya siku 971 na kumwambia hakuna hata moja iliyokosekana, mama yake alikataa. Alisema ziko tatu alizoziruka. Tarehe 16, 17 na 18 Machi 2016, siku ya msiba, siku ya mazishi na siku iliyofuata, alikuwa amekalishwa ndani na wanawake wenzake, hakutoka hata kwenda chooni peke yake. Tarehe 19 alifungua ukurasa mpya bila kutazama nyuma, na kwa miaka yote hii amekuwa akijilaumu kwa siku hizo tatu.

Lakini zipo. Sufuri, 12.6, na 3.1. Mwandiko ule ule, mkato kwenye saba ya tarehe, nukta baada ya namba.

Verdiana ameuliza majirani waliochimba kaburi, waliopika, walioimba. Hakuna aliyeshika daftari. Wengi hawakujua kama lipo. Alitumia ile programu ya pili kuzitazama siku hizo peke yake. Kituo cha jirani kilikuwa na sufuri, 11.8 na 3.4.

"Kwa hiyo aliyesoma, alisoma kweli," anasema. "Hakubuni."

Mwalimu Mutembei anaamini Klaudia mwenyewe alitoka na huzuni ikamfutia kumbukumbu. Violeth bado anashikilia kwamba mchungaji aitwe. Klaudia alipoonyeshwa ukurasa alipitisha kidole juu ya 12.6 kwa muda mrefu, akasema, "Hii si yangu," akaenda zake kulisha mbuzi. Alikuwa anatabasamu.

*

Mwezi huu darasa la Miembeni limeingia sehemu mpya: namna ya kuigawa programu kubwa kuwa vipande vidogo, kila kimoja na jina lake na kazi yake, kiitwe kinapohitajika. Verdiana anasema hapo ndipo alipokuwa anapasubiri. Anataka kuandika programu itakayomwezesha msomaji yeyote wa kipimo, Muleba au kwingineko, kutuma namba ya siku kwa simu ya kawaida, ili asije mtu mwingine akang'oa majalada kwa woga. Mtihani wake ni Desemba.

Ada ya muhula ujao bado haijakamilika. Anategemea kahawa ya Julai.

Wenye kipimo wamemruhusu kuwa na msomaji msaidizi. Fomu iko mezani, na kwenye nafasi ya sahihi Klaudia amekataa kuweka dole gumba. Amekuwa akifanya mazoezi ya jina lake kwenye karatasi za magunia matupu ya saruji, kwa mkaa, kwa sababu alifundishwa namba na mvua tu. Jina lake mwenyewe hakuna aliyewahi kumshika mkono akaliandika. Herufi K inampa taabu.

Katika faili, Verdiana ameongeza safu mpya: jina la msomaji. Kuanzia 1989 hadi 2007 inasomeka Kamala. Kuanzia hapo hadi Novemba 2018 inasomeka Klaudia. Programu ilizijaza yenyewe, kwa kitanzi kimoja na masharti mawili.

Sharti la tatu aliliandika kwa mkono wake, kwa ajili ya siku tatu za Machi, na mwalimu alipolikagua alimuuliza kwa nini ameacha nafasi ya jina tupu badala ya kuandika kwamba hajulikani.

"Nikiandika hajulikani, nimeshajibu," Verdiana anasema huku akifunga daftari la leo. "Nimeiacha wazi. Mwenyewe akitaka kujitaja, nafasi yake ipo."